Ol Doinyo Lengai: Kuutembelea Mlima wa Moto na Kuijua Historia Yake

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa mabaraza ya wananchi, vikundi vya vijana na shule katika Kaunti ya Kajiado.



Walio na umri wa kutosha wanakumbuka Julai 2007. Katikati ya mwezi huo ardhi ilianza kutetemeka, ikatulia, ikatetemeka tena, siku baada ya siku. Tetemeko kubwa kuliko yote lilitokea tarehe 17 Julai, likiwa na ukubwa wa 5.9. Jijini Nairobi wafanyakazi waliteremka ngazi mbio kutoka majengo marefu na kujaa barabarani, kila mmoja akimpigia mwenzake simu kuuliza kama naye amelisikia.

Chanzo chake kilikuwa ng'ambo ya mpaka wetu, kaskazini mwa Tanzania, chini ya mlima uitwao Gelai karibu na Ziwa Natron. Huko chini, mawe yaliyoyeyuka kwa joto, ambayo wataalamu huyaita magma, yalikuwa yakijipenyeza katika nyufa za miamba. Wiki chache baadaye, tarehe 4 Septemba 2007, jirani yake Gelai alilipuka. Jirani huyo ni Ol Doinyo Lengai, na mazungumzo ya leo yanamhusu yeye.

Kwa nini wananchi wa Kajiado wazungumzie mlima ulio Tanzania? Kwanza, upo karibu. Kutoka mpakani Shompole hadi mlimani hakufiki kilomita mia moja. Maji ya Ewaso Ng'iro ya kusini, yanayopita Shompole, huishia Ziwa Natron, na mlima umesimama kusini tu mwa ziwa hilo. Pili, jamii ya Wamaasai iko pande zote mbili za mpaka. Ng'ombe, ndoa na maombi havikuanza na ramani. Tatu, majivu ya volkano hayaulizwi pasipoti. Upepo ndio unaoamua yatakapoangukia.

Jina lenyewe linajieleza. Kwa Kimaasai, Ol Doinyo Lengai ni Mlima wa Mungu. Wazee huenda huko kuomba, hasa mvua inapokosekana, na akina mama wanaotafuta watoto nao huenda kuomba. Kwa hivyo mgeni anayekwenda kuutazama aelewe kwamba anaingia mahali pa ibada kabla ya kuwa mahali pa utalii.

Sasa tufuate njia anayopita mgeni huyo, kwa sababu historia ya mlima imeandikwa njiani.

Anayetoka Kajiado kwa barabara huvuka mpaka Namanga akiwa na hati zake za kusafiria, akaenda Arusha, kisha Mto wa Mbu. Kutoka hapo barabara huelekea kaskazini kupitia Engaruka, bonde la ufa likiwa limesimama kama ukuta upande wa kushoto. Kabla ya kufika kijiji cha Engare Sero, mlima huonekana ukiwa peke yake, umechongoka kama pia iliyopinduliwa, urefu wake ukiwa karibu mita 2,960 juu ya usawa wa bahari. Juu kileleni mna weupe. Wageni wengi hudhani ni theluji kama ile ya Kilimanjaro. Si theluji. Ni lava iliyopoa, na sababu ya weupe huo tutaifikia.

Kabla ya kupanda, inafaa mgeni apelekwe kuona nyayo za Engare Sero, karibu na ufuo wa Ziwa Natron. Hapo kuna nyayo zaidi ya 400 za binadamu wa kale, zilizokanyagwa katika matope ya majivu ya volkano. Matope hayo yalikauka, yakawa magumu kama simiti, yakafunikwa, na nyayo zikabaki. Wataalamu wanasema zina umri kati ya takriban miaka 6,000 na 19,000. Walipozipima, waliona kwamba kundi moja la watu 17 lilipita pamoja likielekea upande mmoja, na wengi wao walikuwa wanawake. Majivu hayo yalitoka Ol Doinyo Lengai. Maana yake ni kwamba watu wameishi chini ya mlima huu, wakitembea juu ya majivu yake, kwa maelfu ya miaka. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliitambua sehemu hiyo, pamoja na Ngorongoro, kuwa miongoni mwa maeneo ya jiolojia yenye umuhimu kwa dunia nzima.

Kupanda kwenyewe huanza usiku wa manane. Mchana jua la bondeni ni kali mno, na mlimani hakuna mti wa kivuli wala kijito cha maji. Wapandaji hubeba maji yao, tochi na viatu imara, na hutanguliwa na mwelekezi wa kijijini anayeijua njia. Safari ya kwenda juu huchukua muda wa saa tano hadi saba. Mteremko ni mkali na ardhi ni majivu na changarawe. Mtu hupiga hatua mbili mbele, akateleza moja nyuma. Kushuka ni kugumu zaidi, maana magoti huchoka na mawe huporomoka. Anayekwenda bila mwelekezi anahatarisha maisha yake na ya wale watakaotumwa kumtafuta.

Alfajiri mgeni anafika ukingoni mwa kreta, yaani shimo kubwa la kileleni. Mbele yake ni kuta zinazoshuka wima. Chini kuna vichuguu vya mawe vinavyotoa mvuke, na mara nyingine husikika sauti kama ya sufuria inayochemka. Hiyo ni lava. Hapa ndipo Ol Doinyo Lengai unapotofautiana na volkano nyingine zote duniani.

Lava ya kawaida, kama ile ya Nyiragongo nchini Kongo, ina joto la nyuzi zaidi ya 1,000 za Selsiasi, na hung'aa kama makaa. Lava ya Lengai ina joto la kati ya nyuzi 500 na 600 tu. Mchana huonekana nyeusi kama matope au oili chafu ya gari, na ni nyepesi kiasi kwamba hukimbia kama maji. Usiku ndipo wekundu wake hafifu huonekana. Ni volkano hii pekee, miongoni mwa zote zilizo hai duniani, inayotoa lava ya namna hiyo.

Siri iko katika kilichomo ndani yake. Lava hiyo imejaa kaboneti za sodiamu, potasiamu na kalisi. Kwa lugha ya jikoni, ni jamaa wa karibu wa magadi. Watu wa Kajiado hawahitaji kufundishwa magadi ni nini. Ndiyo yanayowekwa kwenye maharagwe yaive upesi, na ndiyo yaliyoupa mji wa Magadi na ziwa lake jina. Na kama magadi yanavyobadilika yakipata unyevu, lava ya Lengai ikikutana na unyevu wa hewa na mvua hugeuka kutoka nyeusi hadi nyeupe kwa muda mfupi. Huo ndio weupe ambao mgeni alidhani ni theluji.

Wataalamu walipochunguza lava hiyo walikuta madini ambayo hayakuwa yamepewa jina. Moja likaitwa nyerereaiti, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania. Jingine likaitwa gregoriaiti, kwa heshima ya John Walter Gregory, mwanajiolojia aliyelichunguza Bonde la Ufa.

Sasa tuje kwenye historia ya milipuko, ambayo ndiyo kiini cha mazungumzo haya.

Mwaka 1883 msafiri Mjerumani Gustav Fischer alipita sehemu hizo akaandika habari za moshi kileleni. Bila shaka Wamaasai walikuwa wakiujua moshi huo tangu zamani, lakini hiyo ni miongoni mwa kumbukumbu za kwanza zilizoandikwa.

Mwaka 1917 mlima ulilipuka kwa nguvu na kumwaga majivu juu ya nyika. Mwaka 1940 ulilipuka tena, na shughuli hiyo ikaendelea hadi mwanzo wa 1941. Kati ya 1954 na 1955 ulitoa majivu, ingawa si kwa kiasi kile. Mwaka 1960 mwanajiolojia J. B. Dawson na wenzake waliiona lava ile nyeusi ikitiririka ndani ya kreta. Mwaka 1962 Dawson alitangaza kwa ulimwengu wa sayansi kwamba ni lava ya magadi. Hadi wakati huo, wengi hawakuamini kwamba kitu kama hicho kinaweza kutoka ardhini kikiwa kimeyeyuka.

Kisha ikaja 1966. Mwezi Agosti mlima ule uliokuwa ukitoa lava ya pole ulilipuka na kutupa majivu angani. Ulilipuka tena 1967. Baada ya hapo ukanyamaza kwa takriban miaka 15.

Mwaka 1983 uliamka. Kuanzia hapo, kwa zaidi ya miaka 20, ulitoa lava kidogo kidogo ndani ya kreta. Lava ilijaza shimo, mwaka hadi mwaka, kama mtu anavyojaza debe kwa kikombe. Mwaka 1998 ikafika ukingoni na kuanza kumwagika nje. Mwishoni mwa Machi 2006 lava nyingi ilitiririka na kushuka ubavu wa magharibi.

Katika miaka hiyo wageni walizoea. Walikuwa wakifika kileleni, wakatembea juu ya sakafu nyeupe ya kreta, wakapiga picha kando ya vichuguu vya lava, na wengine wakapiga hema humo humo na kulala. Mlima ulionekana mpole. Mtu aliyeuona kwa mara ya kwanza mwaka 1995 angeweza kuapa kwamba hiyo ndiyo tabia yake ya siku zote.

Tarehe 4 Septemba 2007 tabia hiyo ilibadilika. Wingu la majivu lilipaa kilomita kadhaa angani. Milipuko iliendelea, ikipungua na kuongezeka, hadi mwaka 2008. Familia zilizokuwa karibu zilihama na mifugo yao. Na ilipotulia, ile sakafu ambayo wageni walikuwa wakilala haikuwapo tena. Mahali pake palikuwa na shimo lenye kina cha zaidi ya mita mia moja, na kuuzunguka mdomo wake kulikuwa na kilima kipya cha majivu. Kreta anayoiona mgeni wa leo ilichimbwa na mlipuko huo. Tangu wakati huo lava nyeusi imekuwa ikitokea chini ya shimo na kulijaza upya, kama ilivyofanya baada ya 1983.

Kwa nini mlima mmoja uwe na tabia mbili? Wataalamu wanaeleza hivi. Lava ya magadi ikiwa peke yake hutoka kwa utulivu kwa sababu ni nyepesi, na gesi iliyomo hupata njia ya kutoka. Lakini wakati mwingine magma ya aina nyingine, yenye joto kali zaidi, hupanda kutoka chini na kukutana na ile ya magadi. Mchanganyiko huo huvunja kaboneti na kuzalisha gesi nyingi ya kaboni dayoksaidi kwa ghafla. Fikirieni chupa ya soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa. Gesi haingoji.

Sasa tuitazame ile miaka ya milipuko mikubwa kwa pamoja: 1917, 1940, 1966, 2007. Kutoka wa kwanza hadi wa pili ni miaka 23. Kutoka wa pili hadi wa tatu ni 26. Kutoka wa tatu hadi wa nne ni 41.

Hii si kalenda. Hakuna anayeweza kuchukua kalamu, akajumlisha miaka, akatangaza tarehe ya mlipuko ujao, na atakayewaambia hivyo anawapotosha. Lakini hesabu hiyo inaonyesha jambo moja kubwa. Kati ya mlipuko na mlipuko, kizazi kizima huzaliwa, hukua na hupata watoto. Mtoto aliyezaliwa 1967 alifikisha miaka 40 kabla ya kuona wingu la majivu juu ya mlima huo. Ujuzi wa kufanya nini ulibaki vichwani mwa wazee waliokuwa vijana mwaka 1966: malisho yapi yaliharibika, mifugo ilipelekwa upande gani, maji yapi yalifaa kunywewa. Na wazee hao, mwaka hadi mwaka, walikuwa wakipungua.

Hali ni ile ile leo. Mwanafunzi wa shule ya msingi hakuwa amezaliwa mwaka 2008. Kwake, Ol Doinyo Lengai ni picha tu. Watu wakisahau, mlima hauhitaji kuwa mkali kuliko jana ili ulete madhara makubwa zaidi. Unahitaji tu kuwakuta hawajui.

Basi mwananchi wa Kajiado afanye nini na habari hizi?

Kwanza, ajue majivu ya volkano ni nini. Si kama majivu ya kuni. Ni vipande vidogo sana vya mawe, vyenye ncha kali, vinavyokwaruza macho, koo na mapafu. Majivu yakianguka, watu wabaki ndani ya nyumba ikiwezekana, wafunge madirisha, na anayelazimika kutoka afunike pua na mdomo kwa barakoa au kitambaa. Watoto, wazee na wenye pumu ndio wa kuangaliwa kwanza.

Pili, maji. Wengi wetu tunategemea maji ya mvua yanayotoka kwenye mabati hadi tangini. Majivu yakitua juu ya paa, mvua ya kwanza itayapeleka yote tangini. Bomba la kuingiza maji litolewe mapema kabla ya mvua, na tangi, kisima na mitungi vifunikwe. Paa lisafishwe kwa uangalifu, kwa sababu majivu yaliyolowa ni mazito na huteleza.

Tatu, mifugo. Majivu ya volkano yanaweza kubeba kemikali kama floridi, ambayo humdhuru mnyama anayekula nyasi zilizofunikwa nayo. Nyasi zenye majivu huonekana bado ni nyasi, na ng'ombe mwenye njaa hachagui. Mifugo ihamishiwe malisho safi au ilishwe nyasi zilizohifadhiwa, inyweshwe maji yaliyofunikwa, na daktari wa mifugo aulizwe kabla ya kuirudisha.

Nne, habari. Ardhi ikitetemeka au wingu la ajabu likionekana, uvumi hutangulia ukweli. Kabla ya kusambaza ujumbe wa simu, mwananchi asikilize taarifa rasmi na aulize kwa chifu au ofisi ya wadi. Uvumi umewahi kuwafanya watu waache nyumba zao bila sababu. Ubaya wake mwingine ni kwamba siku ya hatari ya kweli, hakuna atakayesikia.

Tano, na hili ni la vijana na walimu: kaeni na wazee. Waulizeni yaliyotokea 2007, na walio na umri mkubwa zaidi waulizeni kuhusu 1966. Majivu yalianguka wapi? Yalikuwa na harufu gani? Mifugo ilipelekwa wapi? Andikeni, rekodini kwa simu, hifadhini shuleni. Wataalamu wana vyombo vya kupima mitetemeko na picha za setilaiti, na kazi yao ni muhimu. Lakini hakuna setilaiti inayojua ni kisima kipi cha Shompole kilichobaki kisafi au njia ipi ng'ombe walipita salama.

Na wale wenye nafasi na nguvu, watembelee. Si lazima kupanda kilele. Hata anayesimama bondeni alfajiri, mlima ukiwa mbele yake na Ziwa Natron nyuma yake, atajifunza mengi. Ziwa hilo ndilo mahali pakuu ambapo flamingo wadogo wa Afrika Mashariki hutaga na kulea vifaranga vyao. Mwaka wanaofurika Bogoria au Nakuru, huenda wengi wao walianguliwa hapo, machoni pa mlima huu. Anayekwenda aulize hali ya mlima kwanza, afuate maagizo ya wenyeji na wenye mamlaka wa Tanzania, na akiambiwa leo hakupandwi, asibishane.

Wala tusidhani kwamba moto uko kwa jirani tu. Suswa, iliyo mpakani mwa Narok na Kajiado, ni volkano, na mvuke bado hutoka ardhini. Wenyeji hukinga mvuke huo na kupata maji ya kunywa. Longonot ni volkano. Umeme wa Olkaria unatokana na joto lile lile la chini ya Bonde la Ufa. Moto huo una faida na una hatari, na anayeishi juu yake inampasa ajue yote mawili.

Turudi kwenye nyayo za Engare Sero. Wale watu 17 waliopita pamoja hawakuacha jina wala neno. Tunachojua juu yao tumekijua kwa sababu majivu ya mlima yaliwatunzia kumbukumbu. Sisi tuna kalamu, simu na shule. Haifai sisi tuache machache kuliko wao.